Tuliyoyaona Delft: Kijana Akisoma Ulaya Hupata Nini?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutandikia ardhi na kutufungulia njia za kupita juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wasomaji wetu wapenzi, khasa nyinyi wazazi na vijana, twataka leo kuwasimulia safari yetu ya nchi ya Uholanzi. Hatuandiki ili tujigambe kwamba nasi tumefika Ulaya. Twaandika kwa sababu tuna deni, na deni la neno hulipwa kwa neno.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka 2006, jirani yetu mmoja hapa Tanga alitujia baada ya swala ya Isha, mkononi ameshika barua. Mwanawe mkubwa, aliyekhitimu Qur'ani katika madrasa yetu, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya, na gharama zote zimekwisha lipwa. Mzee yule hakuuliza habari za masomo wala za pesa. Aliuliza neno moja tu: "Maalim, mwanangu atarudi Mwislamu?"

Ilitupasa kujibu kwamba ajuaye ni Mwenyezi Mungu. Badala yake tukasema tusilolijua. Tulimwambia kuwa mtoto maskini mwenye dini ni bora kuliko mtoto tajiri asiye na dini, kana kwamba Mola ametulazimisha kuchagua moja kati ya hayo mawili. Barua ile haikujibiwa. Kijana akatii. Akafanya kazi ya ukarani miaka kadha wa kadha, kisha akafungua duka la mabomba na bilula, akaoa, akapata watoto. Hakutulaumu hata siku moja. Na huko kutotulaumu ndiko kulikotuuma.

Mwaka 2021 mdogo wake, naye mwanafunzi wetu, ambaye ni mhandisi wa maji, akapata nafasi kama ile ya kaka yake, kwenda kusoma katika mji wa Delft. Baba yao alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Aliyekuja kutugongea mlango alikuwa yule kaka. Tulidhani amekuja kutaka shauri. La, hakutaka shauri. Alisema, "Maalim, mdogo wangu asafiri kesho. Nimekuja umwombee dua." Tukainua mikono, tukaomba, akaitikia amini, akaenda zake.

Mwaka uliofuata ndugu hao wawili wakachanga nauli, wakatualika tukamtazame yule mdogo huko aliko. Ndipo sisi, ambao elimu yetu ni ya chuo cha Qur'ani na shule ya msingi, wala Kiingereza hatukijui ila maneno ya salamu, tukapanda ndege katika siku za mwanzo za Mfunguo Sita mwaka 1444, yaani mwanzo wa Oktoba 2022.

Nchi iliyo chini ya bahari

Ndege ilitua Schiphol asubuhi, na mwanafunzi wetu alikuwa akitungoja mlangoni. Alitushika mkono akaubusu kama afanyavyo kwetu, mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Jambo hili dogo lilituondolea nusu ya khofu tuliyokwenda nayo.

La kwanza alilotwambia ni kwamba pale tuliposimama palikuwa kitako cha ziwa. Ziwa hilo lilikaushwa mwaka 1852 kwa mashine za kuvuta maji, na leo juu ya tope lake hutua ndege za dunia nzima. Tukapanda gari la moshi, nalo halina moshi, lakwenda kwa umeme, tukapita katikati ya mashamba ya majani mabichi yaliyolala sawa kama mkeka. Kila baada ya hatua kadhaa pana mfereji. Mahali pengine tuliona maji ya mfereji yako juu kuliko shamba lililo kando yake, na ng'ombe wanakula majani chini ya usawa wa mashua. Kiasi cha robo ya nchi hii iko chini ya usawa wa bahari. Lau matuta yangeachwa bila ya kutazamwa, bahari ingerudi kuchukua kilicho chake.

Nayo imewahi kurudi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 tufani iliyavunja matuta upande wa kusini-magharibi, na katika Uholanzi peke yake wakafa watu 1,836. Hawakuishia kulia. Walijenga mabwawa na milango ya maji kwa zaidi ya miaka arobaini, na mwaka 1997 ukafunguliwa mlango mkubwa karibu na mji wa Hoek van Holland. Mwanafunzi wetu alitupeleka kuuona. Una mabawa mawili ya chuma, kila bawa urefu wake mita 210, nayo hufungwa bahari inapochafuka ili mji wa Rotterdam usalimike. Tulisimama mbele yake katika upepo mkali, kanzu yetu ikipepea ndani ya koti la kuazima, tukasema subhanallah; kwani akili iliyokitengeneza kitu kile ni neema ya Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye katika waja wake.

Chuo anachosoma kijana wetu, IHE Delft, kilianzishwa mwaka 1957, miaka minne baada ya gharika ile. Kazi yake ni kufundisha elimu ya maji, na wahandisi wamekwenda kusoma hapo kutoka nchi zaidi ya mia moja. Basi mtu atokaye Tanga, ambaye maji ya bilula yake yatoka mto Zigi katika milima ya Usambara, ana la kujifunza kwa watu hawa. Sisi tatizo letu aghlabu ni maji kuwa haba, wao tatizo lao ni maji kuwa mengi. Elimu ya kuyapima na kuyaongoza ni moja.

Lakini hayo ya chuma na saruji si makubwa kuliko tuliyoyaona baadaye. Katika mji huo wa Delft liko baraza la maji liitwalo Delfland, ambalo khabari zake zafika mwaka 1289. Zamani tajiri na fukara, mwenye shamba kubwa na mwenye kijishamba, walilazimika kukaa pamoja kushauriana juu ya tuta, kwa sababu tuta likibomoka halichagui nyumba. Hata leo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka minne. Kijana wetu akasema, "Maalim, huu ni msaragambo, ila wao wameuandika katika daftari." Tukacheka, lakini neno lile lilikuwa na uzito. Msaragambo twaujua tangu mababu. Kuuandika, kuutunza, na kuuendeleza miaka mia saba, hilo ndilo somo.

Darasani na jikoni

Alituombea ruhusa tukakaa nyuma ya darasa lao asubuhi moja. Hatukufahamu maneno, ila macho yetu yalifahamu mengi. Mwalimu, mtu mzima mwenye mvi, aliingia akajimiminia kahawa mwenyewe, akamiminia na mwanafunzi aliyekuwa karibu. Wanafunzi walimwita kwa jina lake, bila ya "Bwana" wala "Mwalimu". Jambo hili lilituchoma, kwa maana sisi tumelelewa kuwa mwalimu ni mzazi. Baadaye binti wa Kibangladeshi, amejifunga mtandio, akasimama akamkatalia mwalimu jambo fulani juu ya mito ya kwao. Wakabishana kwa upole, kila mmoja akichora ubaoni. Mwishowe mwalimu akafuta alichokiandika. Tukamuuliza kijana wetu, "Amesema nini?" Akajibu, "Amesema: hapo nimekosea, umenifundisha."

Wasomaji wetu, tulikaa kimya muda mrefu. Sisi tumefundisha zaidi ya miaka thalathini, na hatukumbuki siku tuliyomwambia mtoto maneno kama hayo.

Jioni kijana wetu akatueleza neno ambalo hakuwahi kutwambia. Alisema miezi mitatu ya kwanza hakufungua mdomo darasani. Kusoma alijua na kuhifadhi alijua, tena kuwashinda wengi, na hilo alilishukuru kwa madrasa. Lakini kila alipoulizwa, "Wewe waonaje?" alitafuta kichwani jibu la mwalimu, asilikute. "Hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje, Maalim." Hakusema kwa kulaumu, alisema kama mtu aelezaye khabari ya njia.

Tukatamani kumjibu kuwa adabu ya Kiislamu haikubali ubishi. Walakini ulimi ulisita, kwani tunajua si kweli. Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata pwani hii, alisoma Madina kwa Imamu Malik, akampenda na kumheshimu, kisha akakhitalifiana naye katika mas'ala mengi, naye hakuacha kumtaja kwa wema. Na alisafiri: Makka, Madina, Yemeni, Iraki, hata Misri alikozikwa. Laiti asingetoka, tusingekuwa na madhehebu yake. Na juu yake yuko Nabii Musa, ambaye katika Surat al-Kahf twasoma jinsi alivyofunga safari hadi makutano ya bahari mbili ili ajifunze kwa mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye. Ikiwa Mtume hakuona haya kusafiri kwenda kuwa mwanafunzi, sisi ni nani?

Alikokaa kijana wetu ni nyumba ya wanafunzi, na jiko ni moja kwa wote. Kwao Tanga hajapata kupika hata chai. Dada zake walimpikia. Huko tulimkuta anapika wali wa nazi ya kopo, anafua, anafagia kwa zamu, anaandika matumizi yake senti kwa senti, na kwenda chuoni kwa baiskeli katika mvua. Haya si mambo ya kudharau. Kijana aliyejua shida ya jiko hatamkemea mkewe kwa kuchelewa chakula.

Jiko lile ndilo lililotufunza maana ya kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane. Hapo pana Mwindonesia, Msudani, Mhabeshi, Mnepali na Mkolombia. Katika majira ya baridi ya mwaka wa kwanza, nchi ikiwa imefungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, kijana wetu alipigiwa simu kuwa bibi yake, aliyemlea tangu utotoni, amefariki. Safari ya kurudi haikuwezekana. Alikaa chini ukumbini, simu bado i mkononi. Wa kwanza kumkuta ni yule Mnepali, naye si Mwislamu. Hakumwuliza kitu, aliketi kando yake mpaka alipoweza kusema. Mkolombia akapika wali. Kisha kijana wetu akatawadha akamswalia bibi yake swala ya ghaibu, na nyuma yake wakasimama Mwindonesia, naye ni Mshafii kama sisi, na Msudani, ambaye alisema, "Kwetu hatuiswali hii, lakini leo nitasimama nawe." Alipotusimulia hayo tulilia, kwani tulihudhuria maziko yale hapa Tanga, tukisema mioyoni mwetu: maskini mjukuu, yuko peke yake kwa makafiri. Kumbe hakuwa peke yake.

Kibla cha ugenini

Sisi watu wa Tanga kibla chetu ni kaskazini. Usiku wa kwanza, kwa mazoea, tulitandika msala tukaelekea kaskazini, na kijana wetu akaja taratibu akaugeuza kuelekea kusini-mashariki. Al-Kaaba haikuhama; sisi ndio tuliohama. Mtu asiyepata kutoka kwao huweza kudhani kuwa kibla ni upande wa kaskazini, asijue kuwa kibla ni Nyumba ya Mungu.

Ndivyo ilivyo katika dini yake kwa jumla. Ijumaa alitupeleka katika msikiti wa Waturuki. Imamu wao ni Mhanafi, na maamuma hawakuinua sauti kuitikia "amini". Kijana wetu alikiri kuwa mwanzoni alidhani watu hawa hawajui kuswali. Alipokwenda alfajiri asisikie kunuti, alirudi chumbani akairudia swala yake. Baadaye aliuliza, akasoma, akafahamu kwamba anayoyajua ni madhehebu yake, si Uislamu wote. Leo yeye na imamu yule ni marafiki. Twasema kwa haki: mizozo mingapi imevunja misikiti yetu kwa mambo madogo kuliko hayo, kwa sababu tu wagombanao hawajapata kuswali nyuma ya mtu wa nchi nyingine?

Tukamuuliza lile swali la marehemu baba yao, kwa maneno mengine. Tulimuuliza, "Na swala, mwanangu?" Akanyamaza kidogo, akasema, "Maalim, Tanga niliswali kwa sababu kuna adhana, kuna wewe, kuna mama, kuna majirani. Hapa hapana adhana ya kuniamsha wala jirani wa kuniona. Wiki za mwanzo nilipitwa na swala, sikufichi. Kisha nikajiuliza, nilikuwa nikiswali kwa ajili ya nani? Sasa nikiswali najua." Ramadhani ya mwaka 1443, iliyoangukia Aprili 2022, alifunga kiasi cha saa kumi na sita kwa siku na huku anafanya mitihani, na wenzake wasio Waislamu wakawa wanamhifadhia chakula jikoni mpaka jua lizame.

Hapo ndipo tulipofahamu kosa letu la mwaka 2006. Tulidhani twaiogopea Ulaya. Kumbe tuliyaogopea malezi yetu wenyewe. Kama tulimfundisha mtoto miaka kumi, na bado hatumwamini kumtoa machoni petu, basi tumemfundisha nini?

Leiden, na kisahani cha buluu

Jumatatu tarehe 3 Oktoba alitupeleka mji wa Leiden, usio mbali na hapo. Siku hiyo wenyeji husherehekea ukombozi wao. Mwaka 1574 mji ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Hispania, watu wakafa kwa njaa na tauni kwa maelfu. Wenzao wakayatoboa matuta yao wenyewe, wakayaachia maji yafunike mashamba, mashua zikaja na chakula, na majeshi yakakimbia. Mpaka leo, asubuhi ya tarehe hiyo, watu hupanga mstari kupewa samaki wa chumvi na mkate mweupe, ukumbusho wa chakula cha kwanza kuwafikia. Mwaka 1575 mji ukapata chuo kikuu. Husimuliwa kuwa wenyeji walikhiyarishwa na mtawala wao, wasamehewe kodi au wajengewe chuo, nao wakachagua chuo. Iwe kisa kimetiwa chumvi au la, ni jambo la kuzingatia kwamba watu waliotoka katika njaa wanapenda kukumbukwa hivyo.

Katika chuo kile Kiarabu kimefundishwa tangu karne ya 17. Profesa wao Erpenius, aliyepewa kiti cha lugha hiyo mwaka 1613, alikuwa amesomeshwa na Mwislamu, Ahmad bin Qasim al-Hajari, mzaliwa wa Hispania aliyekimbilia Moroko kuilinda dini yake, kisha akatumwa na Sultani wa Moroko kwenda Ufaransa. Mwaka 1613 al-Hajari alifika Uholanzi, akajadiliana na wanazuoni wao juu ya dini, akarudi na Uislamu wake, akaandika kitabu cha safari yake. Basi msidhani vijana wetu ndio Waislamu wa kwanza kukaa meza moja na wasomi wa Ulaya.

Humo chuoni vimehifadhiwa vitabu vya mkono vya Mashariki, kiasi cha elfu moja vikiwa ni wasia wa mtu mmoja, Levinus Warner, mjumbe wa Uholanzi huko Istanbul, aliyefariki mwaka 1665. Miongoni mwa hazina hiyo mna nakala pekee ya zamani iliyobaki duniani ya Tauq al-Hamama cha Ibn Hazm, mwanachuoni wa Kordoba. Lau si kabati za Leiden, kitabu hicho kingepotea. Nasi tukakumbuka vitabu vya mkono vya wazee wetu pwani, vilivyoliwa na mchwa juu ya dari zetu.

Hatusemi kuwa elimu yao yote ilitumika kwa kheri. Snouck Hurgronje, msomi wa Leiden, aliingia Makka mwaka 1885, na baadaye akaishauri serikali ya Uholanzi jinsi ya kuwatawala Waislamu wa Aceh vitani. Elimu ni kisu. Hukata nyama ya sadaka na huweza kukata mkono. Ndiyo sababu haifai kuwaachia wengine peke yao.

Siku ya mwisho tulitembea Delft kutafuta zawadi. Mji huu una sifa ya vyombo vya kauri vyeupe vyenye nakshi za buluu. Kijana wetu akatueleza kuwa katika karne ya 17 Waholanzi waliletewa kauri ya Kichina kwa meli, wakaipenda, wakajaribu kuiiga kwa udongo wao, mpaka wakatoa chombo chao wenyewe. Tukakumbuka magofu ya Tongoni, kusini kidogo ya Tanga, ambako wazee wetu walipachika sahani za kauri katika nguzo za makaburi. Nasi kauri tuliipata, tena kabla yao. Tuliinunua, tukaipamba juu ya wafu wetu. Wao waliigeuza, wakaitazama chini, wakauliza: imefanywaje? Hilo swali ndilo tunalotaka vijana wetu warudi nalo.

Nasaha

Wasomaji wetu, msije mkasema tumerogwa na Ulaya. Baridi yake huingia mifupani, na upweke wake huingia ndani zaidi. Kijana wetu amekutana na jicho baya pia. Siku moja katika gari mtu aliinuka akahama kiti alipoketi yeye. Wako vijana wetu waliopotea huko, na wako waliokaa huko wasikumbuke waliowachangia nauli. Hatuyafichi hayo. Lakini vijana hupotea hata Tanga, tena mlangoni pa msikiti.

Kwa wazazi twasema: kabla ya kuuliza nchi ikoje, ulizeni mtoto yukoje. Mpeni dini anayoielewa, si anayoiogopa. Jueni chuo ni chuo gani, gharama nani alipa, na je, ni msaada au ni deni la riba. Kwa vijana twasema: safisha nia, jifunze lugha mapema, jifunze kupika kabla hujapanda ndege, tafuta msikiti wiki ya kwanza, usiwakimbie wasio Waislamu wala usijifiche nyuma yao, na umpigie mama yako simu. Cheti utakirudisha ndani ya bahasha. Tabia utairudisha usoni, na hiyo ndiyo watu watakayoisoma.

Tuliporudi, tulikwenda dukani kwa yule kaka, tukampa kisahani cha buluu. Kisha tukamwambia, "Mwanangu, mwaka 2006 tulimjibu baba yako jambo tusilolijua. Twakuomba radhi." Alikuwa anahesabu bilula ndani ya kasha. Aliendelea kuhesabu mpaka akamaliza, akasema, "Maalim, ulisema kwa kuniogopea. Nami nilikuwa mtu mzima, ningeweza kusema neno, nikanyamaza. Tusameheane." Akakiweka kile kisahani juu ya rafu, kati ya mabomba.

Tulipotaka kuondoka akatuzuia. Binti yake yuko shule ya sekondari, hodari wa hesabu, na tangu baba yake mdogo aanze kumpelekea picha za matuta na milango ya maji, hana neno ila hilo. "Nimjibu nini, Maalim?"

Mas'ala ya mwanamke kusafiri bila ya maharimu wanavyuoni wamekhitalifiana. Wako waliozuia, na wako walioruhusu njia ikiwa na amani na wenzi wakiwa waaminifu. Tulimkumbuka yule binti wa Kibangladeshi ubaoni. Tulimwambia yule kaka kwamba hatujui, kwamba tutawauliza wanaojua zaidi yetu, kwamba miaka bado ipo, na kwamba mtoto na asome hesabu zake kwa bidii. Tukamwambia na hili: "Usimwambie hapana kwa ajili yetu."

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya ujuzi, awahifadhi vijana wetu walio ugenini, na awarudishe na elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq.